Wakuu, milioni 25 inanipa gari gani la familia lenye moto?

Kibaha_Jioni

Habari za jioni wakuu.

Nina IST niliyokaa nayo muda mrefu, haijanisumbua na sina ugomvi nayo. Ila nimeichoka. Nikiwa nyuma ya lori pale Mlandizi na nataka kulipita, nazima AC kwanza, napiga dua, ndipo nakanyaga. Nataka gari ambalo nikiligusa linaitika.

Masharti ya nyumbani ni haya. Watoto wawili wanakaa nyuma. Mama watoto naye ataliendesha, na gia za mkono hataki kuzisikia. Desemba tunakwenda Lushoto kwa wakwe, kwa hiyo buti libebe mabegi ya watu wanne, na wakati wa kurudi lipokee viazi na matunda bila mtoto kukaa juu ya kabichi. Kipande cha mwisho kuingia kwangu ni vumbi na mawe, gari lililolala chini kama mjusi halifiki.

Milioni 25 ndiyo hela yote, hakuna nyingine inayokuja. Mkononi au kuagiza, vyovyote. Kichwani nina Subaru mbili, Forester XT na Legacy BP5, halafu Toyota Mark X na Volkswagen Golf GTI. Naomba maoni ya watu wanaoyajua, siyo "Subaru ni ugonjwa" halafu mtu anaondoka.

Nimekaa_Pale

Subaru ni ugonjwa.

MzeeWaGX

Mkuu, chukua Mark X ulale usingizi. Toleo la GRX120 lina silinda sita, cc 2500, nguvu ya farasi 215, gia sita, inaendeshwa na tairi za nyuma. Haina turbo (feni inayosukumia injini hewa ya ziada), kwa hiyo hakuna mtu wa kukuambia subiri dakika mbili kabla ya kuzima. Lori la Mlandizi unalipita na AC ikiwa namba nne. Watoto wanalala nyuma hawajui kama uko 80 au 120.

Ukipata hela ya kuongeza kidogo, nenda GRX130 iliyoanza mwishoni mwa 2009. Watu wanashangaa kwa nini mpya ina farasi 203 wakati ya zamani ina 215. Sababu ni mafuta: ile ya kwanza Toyota waliipanga itumie petroli ya premium ya Japani, ya pili wakairekebisha itumie ya kawaida. Kwa mazingira yetu hizo farasi 12 ulizopoteza ni faida.

Mgosi_Korogwe

Mzee wangu Mark X naikubali, ila mwenye uzi kasema mawe na viazi. Mark X buti lake ni la sedani, gunia likisimama halifungi. Halafu kutoka Mombo kupanda Lushoto mvua ikiwa imenyesha, tairi za nyuma zikikosa mshiko kwenye kona yenye tope lililoshuka na maji kutoka mashambani, wakwe watapokea habari kabla ya mgeni.

FundiRejeta

Kibaha_Jioni, kabla hujachagua jina la gari, gawa hiyo hela. Tafuta gari la 19 au 20, inayobaki ifungie. Gari lolote la moto la umri huo linakuja na madeni ya aliyekutangulia: taiming belti haijulikani ilibadilishwa lini, oili ya gia boksi haijaguswa, shokapu zimekufa, bushi zimekatika, tairi zimekauka. Ukimpa muuzaji 25 yote, hayo madeni hutayalipa, na injini ya turbo haikopeshi.

Sasa nizungumzie Subaru maana ndiyo naishika kila siku.

Forester XT na Legacy GT ulizotaja zote ni ukoo wa injini ya EJ20, silinda nne zilizolala, turbo moja. BP5 GT ya oto ina farasi 260 na gia tano. Forester XT ya toleo la SH5 ina 230 na gia nne. Zote zinatumia taiming belti, na kiwanda kinasema ibadilishwe kilomita 100,000. Hapo hakuna ujanja. Belti ikikatika kwenye injini hii pistoni zinakutana na valvu, unabeba silinda hedi mbili kwenda kwa mchongaji. Ukinunua, hata muuzaji akiapa kwa mama yake, badilisha belti, rola zake na pampu ya maji kwa pamoja.

La pili, mafuta. Hizi injini zimepangwa zinywe premium ya Japani, ambayo kwa kiwango chao haitakiwi kushuka chini ya oktani 96. Ukiweka ya chini kompyuta inachelewesha cheche ili injini isigonge, yaani mafuta yasilipuke ovyo ndani ya silinda, nguvu inapungua. Hiyo siyo shida kubwa ukienda kistaarabu. Shida ni kuibana mlima mrefu, gari limejaa, jua kali. EJ ikigonga mara kwa mara inavunja kingo za pistoni zinazoshika ringi. Utaona oili inapungua, moshi wa bluu, silinda moja imelegea.

La tatu halisemwi. Kwenye mrija unaopeleka oili kwenye turbo, injini za enzi za BP5 zina kichujio kidogo sana ndani ya bolti. Oili ikiwa chafu kile kichujio kinaziba, turbo inakauka, inakufa, halafu vipande vya chuma vinarudi kwenye oili. Ndiyo maana nasema oili kila kilomita 5,000, oili nzuri, na fundi afungue ile bolti siku ya kwanza.

Na hili la gasketi ya silinda hedi watu wanalichanganya. Injini zilizojijengea jina baya la kuvujisha gasketi ni EJ25 zisizo na turbo. EJ20 ya turbo inakuja na gasketi ya chuma ya tabaka kadhaa, inavumilia vizuri, mradi gari halijawahi kuchemshwa na mtu aliyekuwa anaongeza maji ya bomba kwenye rejeta.

Nimekaa_Pale

Nafuta kauli. Endelea fundi.

Mama_Junior_Moro

Mimi naendesha SH5 XT, nyekundu ile, nipo Morogoro. Niwaambie upande ambao wanaume hamuutaji.

Mlango wa nyuma unafunguka kwa upana, kumfunga mtoto kwenye kiti chake sijipigi kichwa. Kioo cha mbele ni kikubwa, naona boneti inapoishia, kuegesha sokoni hakunipi jasho. Chini iko juu zaidi ya milimita 200, hakuna tuta linalonitisha. Buti naweka stroliya, mahindi, na begi la shule juu yake. Kukanyaga? Ikishaanza kuvuta turbo, wale vijana wa Crown wananitazama mara mbili.

Mabaya yake: gia nne ni chache. Ukiwa 100 injini iko juu juu, na ukitaka kupita kuna sekunde inawaza kwanza. Mjini inakula mafuta, foleni ikiwa mbaya usitegemee zaidi ya kilomita saba au nane kwa lita. Na kwenye kona inalala. Shemeji anayetaka "moto" wa kona hapa hautapata mpaka ubadilishe shokapu.

Kibaha_Jioni

Dada asante, hayo ya mlango nimemsomea mama watoto, kasema tayari amechagua. Ngoja kwanza mama.

FundiRejeta, BP5 kwa njia yangu ya mawe itafika? Na Golf mbona hamjaigusa?

Bahari_Mombasa

Hamjambo ndugu zetu. Huku kwetu Kenya Golf GTI ni nyingi siku hizi, acha niseme.

Mk5 GTI, yaani Golf ya kizazi cha tano, ina cc 1984, turbo, farasi 200, buti la lita 350 na viti vya nyuma vinalala. Kwa uendeshaji, kati ya hizo zote mlizotaja, ndiyo inayokaa vizuri zaidi kwenye kona bila kukuvunja kiuno. Gia yake ya oto ya klachi mbili, DSG ya kasi sita, ile ambayo klachi zake zinaogelea kwenye oili, ni imara ikipewa oili yake na filta kila kilomita 60,000. Watu wanaichanganya na ile ya kasi saba ya klachi kavu iliyofungwa kwenye 1.4, ambayo mekatroniki yake (kompyuta na valvu zinazobadilisha gia) ndiyo imewaliza wengi. Kwa hivyo ukisikia "DSG mbaya", uliza ni DSG gani.

Sasa ubaya. Mk5 ina kijikombe kidogo kati ya kamu (shafti inayofungua valvu) na pampu ya mafuta ya presha. Kinalika polepole, kikitoboka kinaharibu kamu. Kukikagua ni kazi ndogo na chenyewe si ghali, ila fundi lazima ajue kiko wapi. Mk6 imeondokana na hicho lakini injini yake ya cheni, zile za mwanzo, kikaza cheni kinaachia na cheni inaruka meno. Asubuhi baridi ukiwasha usikie mgwaragwaro wa sekunde mbili tatu, toa funguo umrudishie mwenyewe.

Nairobi utapata fundi wa Golf kila kona, na vipuri Grogan. Je, Kibaha mko na huyo fundi? Hapo ndipo uamuzi ulipo.

Kingine, huku gari lililozidi miaka minane tangu lisajiliwe mara ya kwanza haliingii bandarini kabisa. BP5 zetu zote zimepita mikono mingi na nyingine zimeshaguswa kompyuta ziongezwe nguvu. Mkiona gari limevuka mpaka kuja kwenu, liangalieni mara tatu.

Mhasibu_Kurasini

Kwenye kuagiza kuna jambo la kuchekesha. TRA hawajali farasi, wanaangalia cc na umri. Ushuru wa forodha 25%, VAT 18%, halafu ushuru wa bidhaa: cc 1000 hadi 2000 ni 5%, ikivuka 2000 ni 10%. Maana yake BP5 ya farasi 260 yenye cc 1994 iko daraja la chini, na Mark X ya farasi 203 iko daraja la juu. Turbo ni msamaha wa kodi ambao hakuna aliyeukusudia.

Ila usishangilie. Kuna ushuru wa uchakavu, unaanza gari likifikisha miaka minane na unapanda tena likivuka kumi. BP5 ilitengenezwa 2003 hadi 2009, SH5 iliishia 2012. Zote uchakavu wa juu kabisa. Na thamani wanayokokotolea ni ile iliyomo kwenye mfumo wao, siyo uliyolipa wewe Japani. Ingia kwenye kikokotoo chao uone mwenyewe. Kwa hiyo bajeti, gari la umri huo linunuliwe mkononi, ambalo kodi yake alishalia mwingine.

Tochi_Wami

Niulize swali la kijinga. Farasi 260 utazitumia wapi? Kibaha mpaka Chalinze kila kijiji ni 50. Tochi za trafiki za kupima mwendo zimejificha nyuma ya mwembe. Faini elfu thelathini kila kituo. Mikumi ndani ya hifadhi 70. Utakuwa na gari la kukimbia ambalo halikimbii.

Chukua Suzuki Swift Sport, toleo la ZC31S. Cc 1600, farasi 125, uzito kama kilo 1,060. Cheni, haina belti ya kukutisha. Ukiwa 60 kwenye kona unahisi uko mashindanoni, na hujavunja sheria yoyote. Kama unataka nafasi, Honda Fit RS, 1.5, farasi 120, tangi la mafuta liko chini ya viti vya mbele kwa hiyo viti vya nyuma vinakunjwa mpaka sakafuni, baiskeli inasimama wima.

Mgosi_Korogwe

Hapo kwenye kilo nakuunga mkono mia kwa mia, wepesi ndio utamu. Lakini Swift Sport buti lake ni la mkate na maziwa, na nyingi nzuri ni za gia za mkono.

Mimi nauliza, mbona hamjaitaja Toyota Runx? Runx Z, au pacha wake Allex, zenye injini ya 2ZZ-GE. Cc 1800, farasi 190, haina turbo. Ukifika mizunguko elfu sita na kitu kamu inabadilisha wasifu, mlio unageuka, gari linaamka upya. Kuna za oto. Vipuri vingi vya chini na vya mwili vinaingiliana na Runx za kawaida ambazo zimejaa mtaani.

Tahadhari: asilimia kubwa ya "Runx Z Aero" zinazotangazwa ni za 1.5 zimevalishwa bampa. Fungua boneti usome kibati, kama hakuna 2ZZ ondoka.

MzeeWaGX

Nzuri hiyo, ila za 2ZZ ambazo hazijachoshwa na vijana ni za kutafuta kwa tochi, siyo ile ya Wami. Na kule juu kwenye mizunguko elfu sita ndiko kuliko utamu wote. Mama watoto akienda nayo sokoni ataendesha Corolla tu.

Mgosi_Korogwe

Hiyo ni faida mzee. Wawili gari moja, kila mtu na lake.

FundiRejeta

Kibaha_Jioni, BP5 iko karibu sentimita 15 kutoka chini. Vumbi na mawe madogo inapita, mitaro hapana. Nenda na IST yako ukapime pale inapogusa. IST nayo iko hapo hapo karibu, kama haigusi hata ikijaa watu, BP5 itapita ukiwa na adabu, ila bampa la mbele ni refu zaidi, chunga pua.

Kwa mahitaji yako mimi ningeweka BP5 GT mbele ya Forester. Ni ndefu, buti ni kubwa na tambarare, uzito wake uko chini kwa sababu injini imelala na gari lenyewe limelala. Gia tano. Tairi zote nne zinavuta, ile kona ya tope ya Mgosi haikuhusu. Forester inashinda kwenye mawe na kwenye mlango wa mtoto. Mark X inashinda kwenye kutokunijua mimi. Golf ni gari bora, ila kwa mtu wa Kibaha anayemtegemea fundi wa jirani, hapana.

Angalia mambo haya ukienda kuitazama. Usikubali injini iliyopashwa moto, mwambie muuzaji asiiwashe mpaka ufike. Gusa boneti kwanza. Ikiwashwa baridi sikiliza, angalia moshi. Legacy nyingi zinazouzwa hapa ni 2.0i, hazina turbo, farasi 140. GT ina pua ya hewa juu ya boneti, lakini hiyo pua inauzwa Ilala na mtu yeyote anaifunga. Chungulia chini yake, lazima uone intakula (rejeta ya kupoza hewa ya turbo) juu ya injini. Usichukue BH5 ile ya kabla ya 2003 yenye turbo mbili, pale turbo ya kwanza inapomkabidhi ya pili nguvu inakatika katikati ya kupita lori, na mipira ya vakyumu ni msitu.

Mhasibu_Kurasini

Na kama muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japani, iombe. Daraja 4 au 3.5 ni nzuri kwa umri huo. R au RA maana yake iliwahi kugongwa ikatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kibonyezo, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupigwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Linganisha kilomita za kwenye karatasi na za kwenye dashi. Hapo wengine huanza kutokwa jasho.

Kibaha_Jioni

Wakuu nimerudi. Nimeona BP5 mbili na Forester moja.

BP5 ya kwanza, Tegeta, tangazo linasema GT. Nimeinama kuchungulia kwenye pua nimeona lami ya uani. Intakula hakuna, turbo hakuna. Dalali akasema "ukitaka turbo tunakufungia".

Forester ya Kimara mama watoto kaipenda, ila oili ilikuwa chini ya alama na bomba la moshi lina masizi yenye mafuta. Tumemshukuru tukaondoka.

BP5 ya pili, Goba, GT kweli, namba D, mwenye nayo ni mtu mzima na ana daftari la matengenezo. Belti ilibadilishwa, risiti ipo. Nimempeleka fundi kaifungua plagi akapima kompresheni, silinda zote nne zinakaribiana. Oili safi. Anataka 20 na nusu. Kitu kimoja tu: tairi za mbele ni mpya za kampuni moja, za nyuma ni za kampuni nyingine zimeisha nusu. Muuzaji anasema nitabadilisha mwenyewe taratibu. Hiyo ni shida au nipotezee?

FundiRejeta

Hiyo ni shida, na ndiyo silaha yako ya bei.

Gari la tairi zote kuvuta linataka tairi nne zenye mzingo sawa. Za nyuma zikiwa zimeisha zinazunguka haraka kuliko za mbele, na klachi inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma inafanya kazi muda wote hata ukiwa unakwenda moja kwa moja. Inachemka, inalika. Fanya hivi: uwanja mtupu, kata usukani mpaka mwisho, zunguka polepole. Ikijikwama na kuruka ruka kana kwamba breki imeshika, ile klachi imeshaguswa. Ikizunguka laini, uko salama bado.

Soma pia tarehe kwenye tairi mpya, tarakimu nne ndani ya duara dogo. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. "Mpya" za hapa wakati mwingine zimezeeka stoo.

Ikizunguka laini, mwambie akate bei ya tairi nne, siyo mbili. Baada ya kulipa, tairi nne siku hiyo hiyo kabla ya Lushoto, oili ya gia boksi, ile bolti ya turbo. Shokapu tutaangalia Januari.

Mama_Junior_Moro

Na mama watoto aendeshe kabla hamjalipa. Akae yeye, wewe nyuma na watoto.

Kibaha_Jioni

Jumamosi saa nne tunakwenda wote wanne. Nimemwambia mzee wa Goba asiiwashe.